Mwenzake Oyat

Kwa miaka kumi na moja Ojera alikuwa akisimulia kifo cha Oyat kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesali rozari, na ndiyo sababu Docus Aciro aliacha mwiko ndani ya sufuria siku alipomsikia mume wake akibadilisha neno moja.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, nyumbani kwao Kamwokya, jijini Kampala. Sebuleni palikuwa na mgeni, Moreen, mama wa Kikenya mwenye ofisi ndogo kule Kabalagala, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini akikusanya masimulizi ya wanajeshi waliostaafu ili yatiwe kitabuni. Kinasa sauti chake kilikuwa mezani kando ya sahani ya karanga. Ojera, koplo mstaafu ambaye sasa alikuwa mlinzi wa ghala, alikuwa amevaa shati lake la kanisani na kulifunga vifungo mpaka kooni.

Aciro alikuwa upande wa pili wa pazia, jikoni. Alijua kila neno litakalofuata. Ile siku mvua ilikuwa nanyesha, sisi natembea laini moja, Oyat iko mbele yangu. Hicho ndicho kilikuwa Kiswahili cha Ojera, Kiswahili cha kambini, alichojifunza kwa kufokewa. Lakini alichokisikia Aciro kikipita pazia kilikuwa hiki:

"Mvua ilikuwa imekwisha kukatika. Majani yalikuwa yakidondosha maji, nayo yalikuwa mazito hata yakatulalia mabegani."

Sauti ilikuwa ya Ojera. Maneno hayakuwa yake. Mtaani kwao hata walimu hawakuongea hivyo. Aciro akasogeza pazia kidogo. Mume wake alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anautazama ukuta, na usoni alikuwa na mshangao wa mtu aliyepigwa kofi bila kumwona aliyempiga.

"Hebu turudi hapo kidogo, mzee," Moreen alisema kwa upole. "Mwanzo umesema ilikuwa inanyesha. Sasa ilikuwa imeisha?"

"Nanyesha," Ojera alisema. "Mimi nasema nanyesha tu."

Oyat alikuwa mdogo wake Aciro, na alikuwa platuni moja na Ojera. Walishambuliwa msituni ng'ambo ya mpaka wa magharibi, kwenye kijito ambacho hakikuwa na jina katika ramani yoyote. Mwili wa Oyat haukurudi. Kilichorudi ni barua yenye mistari miwili. Miezi mitatu baadaye akaja Ojera mwenyewe, kijana aliyekonda, ndani ya shati la kuazima, akakaa chini mbele ya mama yao, Rosalba. Yule mama alimwuliza swali moja tu: mwanangu aliumia? Ojera akajibu kwamba hakuumia. Risasi ilikuwa moja, akaita jina la mama yake, akanyamaza. Rosalba akamshika mikono yote miwili. Ndoa ya Ojera na Aciro, ukitaka kujua, ilianzia kwenye jibu hilo.

Aciro alikuwa karani wa polisi. Kila siku ya kazi alikaa kaunta kuandika maelezo ya mashahidi, na alijua kitu kimoja ambacho hakuwahi kumwambia mama yake: mtu anayekumbuka hubabaika, hurudi nyuma, hujisahihisha. Anayesema maneno yaleyale kila mara, hayo maneno ameyatengeneza. Alijua hivyo kuhusu mume wake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na aliliacha jambo hilo lilale.

Jumatano Moreen alimpigia simu akamwomba aje ofisini peke yake.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la dawa, na muziki wa baa za Kabalagala ulikuwa umeshaanza ingawa jua lilikuwa bado kali. Moreen alifunga dirisha.

"Dada, mimi nimeongea na wanne waliokuwa kwa hicho kijito," alisema. "Wanne wamenipa vita vinne. Mmoja anasema maji yalikuwa kushoto, mwingine anasema kulia. Mmoja anasema walipigwa kutoka kilimani, mwingine anaapa hapakuwa na kilima. Hiyo hainisumbui. Bosi wangu huniuliza, sasa faida yake ni nini? Namwambia barua ya jeshi ina mistari miwili. Hawa watu, pamoja na kukosea kwao, ndio tulio nao." Akavuta kinasa sauti karibu. "Lakini hii sijawahi kukutana nayo. Sikiliza."

Sauti ya Ojera ikatoka. *Oyat naanguka. Risasi moja.*

Kisha, karibu zaidi na kinasa kuliko Ojera, kana kwamba mdomo ulikuwa umeinamia meza, mtu akashusha pumzi. Akasema, *Tatu.*

*Yeye naita mama yake,* Ojera aliendelea.

*Hakumwita.*

Aciro akajikuta amesimama. Ile sauti ilikuwa na mkwaruzo, mkwaruzo uliobaki kooni mwa mdogo wake tangu alipougua surua akiwa na miaka minne. Angeutambua katikati ya soko. Lakini Oyat alipokwenda jeshini hakuwa na Kiswahili cha kuombea hata maji ya kunywa, na huyu alikuwa akikitamka kama mtu aliyezaliwa nacho miaka mingi sana iliyopita.

"Ulimsikia wakati ule?" aliuliza.

"Nilikuwa nimekaa pale, dada. Hakuna mtu alisema kitu." Moreen aliifuta ile sauti mbele yake. "Mwambie mzee asante. Mimi siji tena."

Aciro alirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakumwambia Ojera. Angemwambia nini?

Siku iliyofuata alitoka kazini saa nane, akafika nyumbani na kukuta mama yake amesimama katikati ya sebule, pua juu, kama mtu anayetafuta gesi inavuja wapi. Rosalba aliishi nao tangu mjukuu wake, Vera, alipopelekwa shule ya bweni.

"Kuna kitu kimelowa humu ndani," alisema kwa Kiacholi.

Palikuwa na harufu ya majani yaliyooza na udongo mbichi, na chini yake harufu nyingine, kali, ambayo Aciro aliifahamu kutoka uwanja wa shabaha wa polisi. Baruti. Nje jua lilikuwa linawaka, na jirani alikuwa ameanika godoro. Hata hivyo juu ya bati kulisikika tone la maji. Likaja la pili. Hayakudondoka kwenye paa zima, yalidondoka mahali pamoja tu, juu ya kiti cha Ojera.

Ojera alikuwa analala mchana, kwa kuwa zamu zake zilikuwa za usiku. Saa tisa kamili alitoka chumbani, macho wazi, akakaa kwenye kiti hicho na kuweka mikono magotini.

"Andika," alisema.

Wala Aciro hakujua kwa nini alitii. Labda ni mazoea ya miaka kumi na tano ya kaunta. Mtu akikaa mbele yako akasema andika, unashika kalamu. Labda pia, na hili alilikiri baadaye kwa mtu mmoja tu, ni kwamba alikuwa amesubiri miaka kumi na moja kusikia mtu akikieleza kijito kile bila maneno ya rozari. Akatoa karatasi na kuanza kama alivyozoea kuanza: *Mimi, mtu mzima, nikiwa na akili timamu, nasema kwamba.*

Ile sauti ikasema, polepole, ikingoja kalamu imalize kila mstari. Ilieleza kijito kilivyokuwa na upana wa mtu aliyelala, na mdudu mwekundu aliyekuwa akipanda kwenye bua, na nani alikuwa amefunga kiatu kwa waya kwa kuwa kamba ilikatika. Haikubabaika. Haikujisahihisha hata mara moja. Robo saa baadaye ikakatika katikati ya neno, na Ojera akapepesa macho, akamwuliza mke wake kwa nini hakumwamsha.

Kesho yake ikaja tena saa ileile, na kesho kutwa, na kila siku ikaanzia pale ilipokuwa imeachia. Siku ya tatu ya masimulizi risasi zikaanza. Siku ya nne Oyat alipigwa paja akaangukia majini, akalala chali, na akaanza kulia kwa sauti.

"Nililia," ile sauti ilisema kwa ule mkwaruzo, "nao adui walikuwa wakiisikiliza sauti yangu ili wajue wenzangu wamelala wapi. Basi mmoja akarudi. Nilimwita kwa jina lake, nikidhani amerudi kunichukua. Akapiga hatua nne. Risasi ya kwanza ilinikosa kidogo, ikanipata shavuni. Ilimbidi apige tatu."

Mkono wa Aciro uliendelea kuandika peke yake. "Nani?" alinong'ona. "Nani alirudi?"

Ojera, au kilichokuwa kimemvaa Ojera, kikainua mkono wa kulia kutoka gotini, taratibu, na kuugusisha kifua cha mwenye mwili.

Rosalba alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Alijua Kiswahili kidogo tu, kile cha kuongea na mkwe wake, lakini ishara ile haikuhitaji lugha.

Usiku ule Ojera hakwenda kazini. Kwa mara ya kwanza alikuwa amejisikia akisema. Alikaa kitandani, mgongo ukutani, akamwambia mke wake jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Mama Vera, mimi sikurudi. Mimi nakimbia. Hiyo ndiyo mimi naficha miaka yote. Oyat nalia, mimi nasikia, mimi naenda tu. Sikuona nakufa. Mama yako aliuliza kama aliumia, na sikuwa na kitu. Nikampa ile."

"Ya risasi moja."

"Ningempa nini?"

Aciro alimwamini. Alibabaika, alirudi nyuma, alilia pasipo na sababu na kukauka pale ambapo wengine wangelia. Hivyo ndivyo mtu anavyokumbuka. Lakini zilipita siku mbili zaidi za saa tisa, na kila siku ile sauti ilirudia mambo yaleyale, hatua nne, ya shavuni, tatu, na siku ya pili, alipopepesa macho na kurudi, Ojera alibaki akiitazama mikono yake muda mrefu.

"Pengine mimi nilirudi kidogo," alisema. "Hatua mbili, pengine."

Ndipo Aciro alipokwenda soko la Owino kumtafuta Fadhul.

Fadhul alikuwa Mnubi aliyekuwa platuni ileile, na sasa aliuza viatu vya mtumba, amevitundika kwa kamba zake mpaka karibu kumfunika. Alimpa Aciro kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho huku akipaka rangi soli ya kiatu ambacho kilikuwa tayari kimepakwa.

"Shemeji, vita iko kubwa kwa kitabu tu," alisema. "Kwa mtu moja iko kidogo. Mimi naona kisogo ya mtu ya mbele, na majani. Halafu naona matope, kwa sababu uso yangu iko ndani. Hiyo ingine yote napata hospitali, kwa midomo ya watu. Mara ya kwanza unajua hii nimeona, hii nimeambiwa. Miaka kidogo, nachanganyika."

"Ojera alirudi nyuma?"

"Mimi naapa kwa Mungu sijui. Ningejua ningesema, hata kama iko mbaya. Kutojua iko mbaya zaidi, shemeji. Mimi iko nayo kila siku." Akaweka kiatu chini. "Lakini hiyo kitu iko kwenu, mimi najua mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Sheikh Abdul-Karim, mzee mwembamba aliyezaliwa kambini, mtoto wa askari, ambaye aliwasomea dua wagonjwa wa dini zote bila kuwauliza. Alikuja Alhamisi baada ya sala ya Adhuhuri, Fadhul nyuma yake. Kabla ya kuketi aliuliza kama kuna chochote ambacho kile kitu kimepewa ndani ya nyumba hiyo: chakula, kitambaa, damu.

"Nimeandika maneno yake," Aciro alisema. Akamletea zile karatasi.

Sheikh alisoma mstari wa kwanza tu. "Umeandika *mimi*?"

"Maelezo huandikwa hivyo, sheikh."

Mzee alizikunja zile karatasi. "Basi umemwazima *mimi* yako. Kila binadamu huzaliwa na mwenzake katika majini," alisema kwa sauti ya chini. "Qarini. Hukua naye, huona anachoona, na hakuna lugha asiyoijua. Huyu ni mwenzake ndugu yako. Ndugu yako hakuzikwa, na huyu amekosa pa kukaa, akamfuata aliyebeba habari zake. Alikuwepo pale, ndiyo. Ameona kuliko askari yeyote. Lakini kuona ni kitu kimoja. Kiumbe huyu tangu azaliwe kazi yake ni kupotosha, na hapotoshi kwa uongo mtupu, maana mngemtambua siku ya kwanza. Atakuambia kweli tisini na tisa." Akaziweka karatasi zote kwenye jiko la mkaa, na hakuzungumza tena mpaka zikawa majivu. "Atakapokuja, mtu asimwulize kitu. Hata neno moja. Ukimwuliza umemkaribisha, na anayeulizwa ndiye mwenyeji."

Saa tisa ikakaribia. Tone likadondoka batini, na la pili, na harufu ya majani mabovu ikapanda kutoka sakafuni. Ojera, ambaye safari hii walikuwa wamemkalisha mkekani, Fadhul akimshika mabega, akanyooka ghafla kama gogo, na sheikh akaanza kusoma, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti iliyozidi kujaa chumba, huku akimnyunyizia maji ya kisomo usoni, na kila maji yalipomgusa Ojera alitoa kelele ambayo haikuwa ya maumivu bali ya kuchoshwa, kama mtu mzima anayekatizwa na watoto. Kisha matone yakawa mengi, yakakimbia juu ya bati kutoka upande huu hadi ule, na ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria, unyevu ukaanza kutambaa na kuchora kitu kirefu kama mtu aliyelala chali, na Rosalba kwenye kona akasali rozari yake kwa haraka kiasi kwamba Aciro hakusikia tena maneno, alisikia pumzi tu, pumzi ya mama yake na kisomo cha sheikh vikigongana na kupishana mpaka yeye mwenyewe hakujua tena ni kipi anakishika na kipi anakiacha.

"Toka," sheikh aliamuru. "Huna shauri na hawa."

"Nina ushahidi," ile sauti ikajibu, safi, ya mkwaruzo, bila haraka. "Ulichokichoma nitakisema upya. Mwenye mwili huu ataapa, nami nitatoka."

"Toka bila kiapo."

Sheikh alisoma, na alisoma, na jasho likapenya kofia yake, na ile sauti ikaanza kulegea, ikavuta maneno, ikafifia mpaka ikawa mkwaruzo tu, mkwaruzo wa mtoto mwenye surua anayetafuta pumzi katika chumba chenye giza huko nyumbani kaskazini, usiku baada ya usiku, na mama yake amempakata. Rozari ikaanguka.

"Oyat," Rosalba alisema kwa Kiacholi. "Uliumia?"

Fadhul alimwachia Ojera mabega ili akamzibe mama yule mdomo, akachelewa. Ojera aligeuza kichwa kumtazama mkwe wake. Jibu likatoka kwa Kiacholi safi, Kiacholi cha kijijini kwao, cha mtoto kwa mama yake.

"Muda mrefu, Mama. Kisha Tarcisio akarudi."

Hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo aliyekuwa akimwita Ojera kwa jina lake la ubatizo isipokuwa Rosalba. Sheikh alipaza sauti mara ya mwisho, akampiga Ojera kwa kiganja kati ya mabega, na kitu kikapita. Pazia la jikoni lilijaa upepo kana kwamba mtu ametokea hapo. Matone yakakata. Unyevu ukutani ukakauka wakiutazama, ukaacha rangi ikiwa imepasuka. Kutoka nje zikasikika spika za mtu akijaribu muziki: moja, mbili, moja, mbili.

"Amekwenda," sheikh alisema, akakaa chini kwa uchovu.

Aciro alimfuata mpaka nje, kwenye ngazi. "Alichosema ni kweli?"

Yule mzee alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi natoa jini. Hiyo nyingine siwezi kuitoa."

Na kweli lilikwenda. Hilo halikuwa na ubishi. Saa tisa zilikuja na kupita kavu, harufu haikurudi, na Ojera alilala kama mtoto, akaamka, akala, akaenda zamu. Ilikuwa siku ya tano Aciro alipomsikia akimwambia Rosalba jambo, akiwa amepiga magoti mbele yake, kwa ule ule Kiswahili chake cha kambini.

"Mimi ndiyo nilirudi, Mama. Hatua nne. Mimi napiga tatu. Nisamehe."

"Ojera," Aciro alisema. "Uliniambia ulikimbia."

"Nilikuwa naogopa kusema."

"Uliniambia hukumwona akifa. Ulisema ulisikia tu."

"Sasa nakumbuka, Mama Vera." Alisema kwa utulivu mkubwa, utulivu wa mtu aliyetua mzigo. "Iko wazi kabisa. Mdudu nyekundu kwa bua. Naona kama jana."

Rosalba hakumsamehe wala hakumlaani. Alifunga nguo zake, akapanda basi la Gulu kurudi kwao kesho yake, na tangu hapo simu yake iliita bila kupokelewa. Ojera mwenyewe alikwenda Kabalagala akasimulia upya. Moreen alimpigia Aciro jioni ile.

"Dada, amenipa simulizi ambayo haina hata pengo moja. Kwa miaka yote ya kazi hii sijapata kama hiyo. Niiweke kwa kitabu?" Alingoja. "Wewe ndiye unajua kusoma mashahidi. Niambie."

"Sijui," Aciro alisema.

"Na mmoja wa wale wanne, Fadhul, alikuja kubadilisha yake. Amesema sasa anakumbuka pia. Ati alisikia tatu."

Aciro alikata simu. Kaunta, mashahidi wawili wakikubaliana mpaka idadi, faili hufungwa. Lakini alikuwapo sebuleni, na ndiye aliyemsimulia Fadhul kule Owino; alijua wote wawili waliipata wapi. Alijua pia kwamba hilo halikuifanya kuwa uongo. Mtu anaweza kuambiwa kitu ambacho kilitokea kweli. Alizunguka na hesabu hiyo siku na siku, akiifungua na kuifunga, huku akimpikia, akimfulia, akilala kando yake na kusikiliza pumzi zake bila kujua ni za nani: mtu aliyemkimbia mdogo wake, au mtu aliyerudi. Na hata kama alirudi, hakujua kama ilikuwa kwa ukatili au kwa kumhurumia mtu anayelia majini. Hakuna aliyebaki wa kumwuliza.

Jumapili moja, mchana, alikuwa amekaa mlangoni akichambua njegere. Hakukuwa na tone wala harufu. Watu walikuwa wakirudi kutoka kanisani. Alikuwa akifikiria kama chumvi iliyobaki itatosha, na katikati ya wazo hilo akakumbuka.

Alikumbuka maji yakiwa baridi chini ya mgongo wake. Alikumbuka paja likiwa zito, halina maumivu bado, na vipande vya mbingu nyeupe kati ya majani, na koo lake lenyewe likilia bila yeye kuliambia lilie. Majani yakatengana, na akatokea Ojera, kijana, ndevu za siku nne, kitambaa cha chandarua kimefungwa kwenye kiwiko cha kushoto. Alikumbuka jinsi alivyofurahi kumwona. Yote yalikuja kama kumbukumbu yoyote inavyokuja, kama vile unavyokumbuka ulikoweka funguo.

Na siku ile kijitoni, yeye Aciro alikuwa Kampala, kaunta, na alikuwa bado hajawahi kumwona Ojera.

Njegere zilikuwa zimemwagika. Ojera alitoka chumbani, akainama, akaanza kumwokotea moja moja.

"Mbona naniangalia hivyo, Mama Vera?"

Aciro alikitazama kiwiko chake cha kushoto. Angeweza kumwuliza kuhusu kitambaa. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Ojera angejibu ndiyo. Siku hizi kuhusu kijito kile alijibu ndiyo kwa kila kitu.

"Hakuna," alisema, akamsogezea bakuli.